Unataka Kuwekewa WiFi kwa Keja? Soma Hii Kwanza Ndio Usikaliwe Chapati

Kuna siku neti ilinikosesha renti. Nilikuwa nimetoka chuo bila karatasi, nimejiambia kuandika makala za mtandaoni ndio itakuwa hasola yangu, nikahamia bedsita moja huko Roysambu. Keateka alinionyesha maji, akanionyesha mita ya tokeni, alafu akanionyesha kebo imening'inia kwa mlango akasema, "WiFi iko, buda." Mimi nikalipa deposit. Sikuuliza swali hata moja.

Miezi mbili baadaye, Alhamisi jioni, taa nyekundu ikawaka kwa ruta. Ijumaa nilikuwa natakiwa kutuma kazi kwa klaienti wa ng'ambo. Kampuni ikaniambia fundi yuko njiani. Huyo fundi alikuwa njiani mpaka Jumatatu. Nikajaribu bando ya simu, lakini ndani ya hiyo keja network ilikuwa inakuja na kuenda kama mgeni mwenye aibu. Kufika Jumatatu, klaienti alikuwa ashapatia mtu mwingine kazi. Na huyo ndiye alikuwa analipa nusu ya renti yangu.

Kwa hivyo hii si story ya kampuni gani ni kali kushinda gani. Ni story ya maswali nilifaa kuuliza kabla nitoe doh. Ka unahama, ama umechoka kununua bando, chukua dakika kumi tu.

Kwanza, piga hesabu ya bando

Wasee wengi hudhani WiFi ya nyumba ni ya mababi. Hebu piga hesabu. Ukinunua bando ya soo moja kila siku, kwa mwezi hiyo ni thao tatu. Na bado unaogopa kufungua video juu itakula MB. Pesa kama hiyo inatosha kifurushi cha chini cha faiba kwa kampuni nyingi hapa Kenya. Mkiwa wasee watatu kwa keja, kila mtu anatoa kama thao moja.

Lakini ka uko pekee yako, unashinda kazini mangware hadi usiku, na kwa nyumba unaingia tu kulala na TikTok kidogo, usijilazimishe. Angalia kwa simu umetumia GB ngapi mwezi uliopita. Iko kwa mipangilio ya simu yako, bure. Hiyo namba ndio itakuambia ka unahitaji WiFi ama unataka tu kusema uko na WiFi.

Anza na ploti, usianze na tangazo

Kosa kubwa ni kuchagua kampuni ukiwa kwa kochi ya beshte yako. Yeye anakaa Umoja, wewe unakaa Rongai. Kampuni moja inaweza kuwa moto kwake na kwako ikawa hata haijafika. Neti ya nyumba ni kama maji, inategemea bomba imepita wapi.

Kwa hivyo kabla ulipe deposit ya keja, fanya hizi vitu tatu:

- Uliza keateka ni kampuni ngapi ziko kwa ploti. Ploti zingine landilodi ameelewana na kampuni moja tu, na hataki kuskia ingine ikipitisha waya. Ukipata ni moja, hiyo si dhambi, lakini ujue hauna pa kukimbilia siku itazima.
- Cheki ngazi na ukuta wa nje. Utaona visanduku vya kampuni na stika zao. Waya ikiwa imefika floor yako, kuwekewa ni kazi ya siku moja ama mbili. Ikiwa haijafika hata kwa barabara, huyo seli anakuambia "tunakuja next week" anakupea story za jaba.
- Gongea jirani mlango. Usimuulize tu "neti ni poa?" Muulize, "Ikipotea, hukaa siku ngapi ndio irudi? Na saa mbili usiku inakuwanga aje?" Hayo maswali mawili yana maana kuliko bango lote la Thika Road.

Ukiweza, omba jirani akuruhusu upime speed kwa WiFi yake kati ya saa mbili na saa nne usiku. Hapo ndio kila mtu ako kwa nyumba anastream. Tumia Speedtest ama fast.com, hiyo ya pili ni ya Netflix. Neti ikisimama imara hizo masaa, asubuhi haitakusumbua.

Neti inafika kwa keja na njia nne

Faiba. Hii ni waya mwembamba wa kioo unaobeba mwanga. Kwa mji ndio chaguo la kwanza, juu speed haiyumbi sana na latency iko chini. Wenye wako kwa hii biashara ni kama Safaricom, Zuku, Liquid na Jamii Telecommunications. Hao wa mwisho ndio wenye brand inaitwa Faiba, kwa hivyo mtu akikuambia "niko na faiba" muulize ni waya ama ni jina la kampuni. Ingine ya kuchunga: kuna ploti faiba inaishia kwa sanduku la ground floor, alafu kila keja inavutiwa kebo ya kawaida. Hapo stima ya ngazi ikipotea, neti inaenda nayo hata ka wewe uko na stima. Faiba ya ukweli inaingia mpaka ndani ya keja, kwa kasanduku kako na taa imeandikwa PON na ingine LOS.

Antena ya paa. Kampuni inaweka kisahani kwa paa ya ploti kinaongea na mnara wao wa karibu. Hii imesaidia sana mitaa zenye faiba ilikuwa inaruka. Poa Internet walianzia Kibera na bei yao imekuwa chini ya faiba za wakubwa, kifurushi chao kikijulikana kwa kama 1,500 kwa mwezi. Speed si ya kujigamba, lakini kwa msee mmoja ama wawili wa YouTube na WhatsApp, inatosha. Mawingu nao wamejulikana zaidi nje ya Nairobi, kwa miji midogo na ushago.

Ruta ya 4G ama 5G. Hii haina waya, inatumia minara ya simu. Safaricom walizindua 5G yao kibiashara Oktoba 2022, Airtel wakafuata Julai 2023. Uzuri wake ni unahama nayo, hauhitaji ruhusa ya landilodi, na hauchimbiwi ukuta. Ubaya ni mnara unashare na mtaa mzima, na kuta za mawe zinakula signal. Kabla ununue, chukua simu yenye laini ya hiyo kampuni, simama pale ruta itakaa, upime. Ka simu ya 5G haioni 5G hapo, ruta pia haitafanya miujiza.

Satelaiti. Starlink waliingia Kenya Julai 2023. Satelaiti zao ziko kama kilomita 550 juu, si kama zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000, ndio maana hata gemu na simu za video zinaenda vizuri. Kwa mathee ako ocha mahali faiba haitafika leo ama kesho, hii imebadilisha maisha. Kwa Nairobi sio lazima iwe jibu. Kwanza unahitaji anga wazi, na kama unakaa floor ya pili kati ya ghorofa nne, anga utaitoa wapi? Pili, Novemba 2024 ilijaa Nairobi na kaunti za karibu kama Kiambu na Machakos, wateja wapya wakaambiwa wangoje. Ka unaitaka, angalia kwa ramani yao kwanza ka eneo lako liko wazi.

Mbps ni nini, na unahitaji ngapi?

Hapa ndio watu huchezwa bila kujua. Mbps ni megabiti kwa sekunde. Faili za simu yako ziko kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo Mbps 15 haimaanishi unadaunlodi MB 15 kwa sekunde. Gawanya na 8, unapata karibu MB 1.9. Muvi ya GB 1 itachukua kama dakika 9. Kwa Mbps 5, hiyo muvi ni karibu nusu saa.

Sasa matumizi. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 inatosha muvi ya HD ya 1080p, na 15 kwa 4K. Simu ya video ya kazi haifikishi Mbps 5. Gemu ya mtandaoni inakula Mbps kidogo sana, yenye inahitaji ni latency ya chini. Ndio maana msee ako na Mbps 100 anaweza kuwa bado anapigwa kwa Call of Duty akilaumu neti.

Kwa hivyo:

- Msee mmoja, muvi na kazi ya laptop: Mbps 5 hadi 10.
- Wasee wawili ama watatu, TV moja: Mbps 15 hadi 20.
- Familia, TV mbili, watoto na tablet, mtu anafanya kazi akiwa nyumbani: Mbps 30.
- Zaidi ya hapo ni ka unastream live, unaaplodi video kubwa, ama uko na mbogi nzima kwa keja.

Angalia venye soko limebadilika. Mwaka wa 2024, Safaricom walipandisha speed za faiba: kifurushi cha 2,999 kikapelekwa Mbps 15, cha 4,100 kikatoka 20 hadi 30, na cha 6,299 kikatoka 40 hadi 80. Kwa hivyo ka uko na kifurushi cha zamani kwa kampuni yoyote, fungua ukurasa wao wa bei leo. Unaweza kuwa unalipa bei ya saa hii na kupata speed ya miaka tatu iliyopita. Piga simu uulize.

Na usisahau kuuliza speed ya kuaplodi. Kwa tangazo wanaandika ile ya kudaunlodi. Ka wewe ni mtu wa kutuma video kwa klaienti ama kupost content, aplodi ndio maisha yako.

"Unlimited" iko na mpaka

Hiyo neno imekalia watu chapati sana. Kampuni nyingi ziko na kitu inaitwa FUP, yaani ukipitisha kiasi fulani cha GB kwa mwezi, neti haizimi lakini speed inashushwa mpaka unadhani ruta imelogwa. Uliza namba mbili: mpaka ni GB ngapi, na baada ya hapo speed inashuka hadi ngapi?

Mfano wa hesabu: muvi ya HD inakula kama GB 3 kwa saa. Mpaka ukiwa GB 500, hiyo ni zaidi ya masaa 160, kama masaa tano na nusu kila siku. Kwa wengi hiyo haiishi. Lakini kifurushi cha GB 50, hata kikiwa bei ya kutupa, ni masaa 16 tu ya HD. Wikendi moja ya series na umebaki ukiangalia ukuta.

Pesa zenye hazikuwangi kwa bango

Bei ya mwezi ni mwanzo tu. Uliza hizi, na jibu likuje kwa meseji ama kwa karatasi, si kwa mdomo:

- Kuwekewa ni bure ama ni ngapi? Na ka ni bure, kuna kufungwa miezi kadhaa?
- Ruta ni ya nani? Mara nyingi ni ya kampuni, na ukihama bila kuirudisha wanakudai.
- Bei iko na ushuru ndani? Kuna VAT ya asilimia 16, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka excise ya neti kwa asilimia 15.
- Mwezi ni mwezi ama ni siku 30? Ka ni siku 30, tarehe yako ya kulipa itakuwa inarudi nyuma polepole mpaka ikutane na wiki yenye huna kitu.
- Nikilipa siku mbili mapema, hizo siku zinaongezwa ama zinapotea?
- Nikihama keja, kuhamishwa ni pesa ngapi, na ka huko hamfiki inakuwaje?

Na usitume pesa kwa namba ya simu ya seli. Lipa kwa paybill ya kampuni na akaunti namba yako. Seli akikuambia "nitumie mimi nikusaidie," hiyo ni safari ya kuachwa kwa mataa.

Kuna pia wale wa WiFi ya vocha kwa ploti, unalipa mbao ama finje kwa masaa kadhaa. Inasaidia ukisota. Lakini wengine wamechukua laini moja ya nyumba wakagawa kwa keja thelathini, na kuuza neti inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Ikizimwa, hauna pa kulalamika.

Kabla ulaumu kampuni, cheki ruta

Nusu ya kelele za "hii neti ni mbaya" ni shida ya mahali ruta imekaa. Kama iko nyuma ya TV, chini ya meza, kando ya friji, umeifunga mdomo. Iweke juu, katikati ya keja, mahali wazi.

Ruta nyingi ziko na majina mawili ya WiFi. Ya 2.4 GHz inapita kuta vizuri lakini iko na msongamano, juu ploti nzima iko hapo. Ya 5 GHz ni mbio lakini haifiki mbali. Kwa bedsita, tumia ya 5. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, chumba cha mwisho kitatumia 2.4.

Ukitaka kujua ukweli, chomeka laptop na kebo moja kwa moja kwa ruta alafu upime. Speed ikiwa poa kwa kebo na mbaya kwa WiFi, shida iko ndani ya keja. Ikiwa mbaya hata kwa kebo, hapo sasa piga simu.

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika ama umepindwa. Usibonyeze kale kashimo ka reset. Haitarudisha neti, na unaweza kufuta mipangilio yote ikabidi fundi akuje mara mbili. Na badilisha password ukihamia, juu mwenye alikuwa hapo na maex wake wote bado wanaijua.

Kuwa na plan B

Stima ikienda, faiba yenye inaingia mpaka ndani mara nyingi bado iko hai, ni ruta tu imezima. Kuna UPS ndogo za ruta, nyingi ni za volti 12, na hapo Luthuli Avenue hautazikosa. Soma volti nyuma ya ruta kwanza, usichome kitu ya wenyewe. Kwangu hiyo ndio pesa nimewahi kutumia vizuri zaidi.

Pia ujue kuna siku shida haiko mtaani. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na neti ikalemaa kwa nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo kuhama kampuni kwa hasira ni kupoteza doh. Lakini kwa siku za kawaida, ka unakula kupitia neti, weka plan B iwe ya kampuni tofauti na njia tofauti: faiba ya kampuni moja, laini ya simu ya ingine.

Ukichezwa, usilie kwa status

Kila ukipiga simu, itisha namba ya tiketi. Andika tarehe neti ilipotea na tarehe ilirudi. Piga picha ya taa nyekundu na screenshot ya speed. Alafu itisha kwa maandishi urudishiwe siku zako. Kuna watu huongezewa siku, wengi hawapewi juu hawakuitisha.

Kampuni ikinyamaza, peleka malalamishi kwa CA, ofisi zao ziko Waiyaki Way, na wanapokea pia mtandaoni. Wataangalia kwanza ka ulilalamika kwa kampuni, ndio maana hizo tiketi ni dhahabu. Kanuni za kulinda wateja wa mawasiliano ziko tangu 2010, si fadhila unaomba.

Piga hii screenshot

1. Ni kampuni ngapi ziko kwa hii ploti?
2. Neti ikipotea hukaa siku ngapi? (Uliza jirani, usiulize seli.)
3. Saa tatu usiku speed ni ngapi?
4. Kuaplodi ni Mbps ngapi?
5. FUP ni GB ngapi, na inashuka hadi ngapi?
6. Kuwekewa, ruta na kuhama ni pesa ngapi?
7. Stima ikienda, neti inabaki?

Mimi siku hizi niko kwa ploti ingine. Kabla niseme ndio, niligongea wasee wawili wa floor yangu. Mmoja aliniangalia kama karao, mwingine akanifungulia fast.com kwa simu yake bila hata kuniuliza jina. Niko na kifurushi cha chini kabisa cha faiba, UPS kando ya ruta, na laini ya kampuni ingine kwa droo. Mwezi uliopita LOS iliwaka nyekundu tena, siku moja kabla ya deadline. Nilituma kazi na simu, nikaitisha tiketi, nikalala.